Kibati cha Edson Ngassa Luhende

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, hapa nyumbani kwetu jirani na Tinde, ni kaka yangu Edson Ngassa Luhende. Mimi ni Enock, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuyasoma maisha yake. Sikuzoea kusimama mbele za watu. Kwa hiyo nimeandika kila neno, na nitasoma kama lilivyoandikwa.

Kuna jambo la mwaka 2019 ambalo wengi mliopo hapa mnalijua nusu. Katika kikao cha familia siku ya Jumapili, baba zetu wadogo walisema lirukwe, kwa kuwa msibani si mahali pa kuanika kosa la marehemu. Lakini marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe lote. Tena ndugu Masalu, ambaye jambo hilo lilimgharimu mguu, alituma ujumbe kwamba atakuja kuzika, ila likirukwa atashika magongo yake na kuondoka kabla udongo haujamwagwa. Mabishano yalikuwa makali, mpaka mama yetu Zipora akasema, "Mwanangu hakulificha akiwa hai. Ninyi mnamfichia nani?" Basi litasomwa. Nawaomba mvumilie hadi mwisho.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 3 Agosti 1966, hapa hapa kijijini, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa mzee Ngassa Luhende na mama Zipora. Alikua akichunga ng'ombe kama wenzake, lakini alikuwa na tabia iliyomkera baba. Jioni baba alisimama mlangoni mwa zizi na kuuliza wameingia wangapi. Watoto wengine walijibu idadi. Edson alianza kuwataja mmoja mmoja: ameingia yule mweusi wa paji jeupe, ameingia mama yake, ameingia mwenye pembe iliyovunjika. Siku moja baba alimkatiza akasema, "Nimekuuliza wangapi, sikukuuliza ni nani." Naye akajibu, "Baba, idadi inaweza kutimia na ng'ombe wa jirani akiwa ndani." Baba alicheka, kisha akaenda kuwaangalia upya. Mama anasema jioni hiyo kweli palikuwa na ndama wa jirani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1975 katika shule ya msingi ya kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1981. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, kwa kuwa nafasi zilikuwa chache. Mwaka 1983 baba aliuza fahali mmoja akampeleka mjini Shinyanga kujifunza useremala, na mwishoni mwa mwaka 1985 akapata cheti. Kiti anachokalia mama leo ni cha mtihani wake wa mwisho. Hakijawahi kulegea.

Kuanzia mwaka 1986 alifanya kazi ya useremala katika kiwanda cha kuchambua pamba, akiishi chumba cha kupanga Kambarage, mjini Shinyanga. Kiwanda kilipopunguza watu mwaka 1993 alirudi kulima kwa muda, ndipo akakutana na Anisia, binti wa wakulima wa Ushirombo aliyekuja Tinde kumtembelea shangazi yake. Walifunga ndoa takatifu Ushirombo, Jumamosi tarehe 17 Septemba 1994. Edson aliogopa sana kuchelewa siku hiyo, hata akafika siku moja kabla, akaenda kulala kwa jirani wa ukweni bila kumwambia mtu. Asubuhi msafara wetu ukafika bila bwana harusi, tukamtafuta kila mahali huku wakwe wakianza kunong'ona. Alipotokea uani kwa jirani akiwa ameshavaa suti, bibi harusi alisema maneno ambayo familia inayarudia hadi leo: "Huyu atanichosha kwa kuwahi." Mungu aliwajalia watoto wanne, mmoja akatangulia akiwa mchanga.

Mwaka 1995 alikwenda Geita. Hakwenda na sururu, alikwenda na msumeno. Alikuwa fundi matimba, yaani miti inayofungwa ndani ya duara ili kuta na dari zisiporomoke. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na ndani ya duara maisha ya mtu yanategemea fundi matimba. Alifunga matimba kwa watu mbalimbali kwa miaka kumi na minne, na hakuna aliyefia katika duara alilolifunga yeye. Mwaka 2009 mzee Kamili alipoanzisha mgodi wake, ambao wote tunauita Kwa Kamili, alimchukua. Mwaka 2011 akawa meneja wa duara namba mbili.

Hapo ndipo alipotengeneza ubao. Aliuchonga mwenyewe kwa mninga, akauwekea misumari ya safu mbili, akausimamisha mdomoni mwa duara. Kisha akakata vipande vya bati, kimoja kwa kila mchimbaji, na kutoboa jina la mtu kwa ncha ya msumari. Hakutaka namba. Anayeingia anatundika kibati chake, anayetoka anakishusha. Kibati cha meneja kilitangulia kupanda asubuhi na kilikuwa cha mwisho kushuka jioni. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza wako wangapi chini. Ubao ulikuwa unasema ni nani.

Lakini alikuwa mkali. Lazima niliseme hili, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema. Saa moja kamili asubuhi alifunga kamba mbele ya duara, na aliyefika baada ya hapo alirudi nyumbani. Ukichelewa mara tatu umekwenda. Hakusikiliza sababu. Mzee Kamili alipozeeka na binti yake Juliana akawa mkurugenzi, alikuwa akiwaleta wasimamizi wa maduara mengine waone jinsi zamu ya Edson inavyosimama mstari kama askari. Marehemu alipenda sifa hiyo. Miaka ya baadaye aliniambia, "Nilidhani wananitii. Walikuwa wananiogopa, na mtu anayekuogopa hakuletei habari mbaya mpaka ikufikie yenyewe."

Mimi niliajiriwa pale mwaka 2016. Kufikia Machi 2019 nilikuwa nimechelewa mara mbili.

Jumapili ya tarehe 10 Machi jirani yetu hapa alifariki. Niliomba ruhusa ya siku moja, nikaja, nikachimba kaburi na wenzangu, tukazika Jumatatu. Jioni ile nilifika Ushirombo tu, nikalala kwa shemeji zetu. Asubuhi ya Jumanne tarehe 12 nilipanda basi la kwanza. Saa kumi na mbili na nusu nilimpigia kaka nikamwambia nimeshafika njia panda ya mgodi. Haikuwa kweli. Basi lilikuwa bado halijafika hata Katoro. Nilisema hivyo kwa sababu nilimwogopa, ingawa ni kaka yangu wa tumbo moja. Muda si mrefu simu yangu ikaisha chaji.

Saa moja kasoro dakika mbili marehemu alitazama barabarani, hakuniona. Eunice, karani anayetunza ubao, alikuwa amegeuka kugawa kofia na taa. Marehemu akachukua kibati changu akakitundika. Alijisemea kwamba nipo njia panda, nitafika kabla hata hawajashuka wote. Kisha akafunga kamba, akashuka na zamu yake.

Saa tatu na robo ukuta wa mashariki uliporomoka. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Watu walitoka mmoja mmoja wakiwa weupe kwa vumbi, wakashusha vibati vyao. Eunice aliusoma ubao kwa sauti. Vibati kumi na vinne vilipanda asubuhi. Kumi na viwili vilikuwa vimeshuka, na cha kumi na tatu ni cha meneja, ambaye alisimama hapo hapo akisubiri kushusha cha mwisho. Kilichobaki kilikuwa changu.

Marehemu alinipigia, simu ikawa haipatikani. Alijua ni yeye aliyekitundika. Lakini saa mbili zilikuwa zimepita. Huenda nilifika, nikakuta kibati changu kiko juu, nikapita chini ya kamba, nikashuka. Huenda sikufika. Ubao alioutengeneza kwa mikono yake haukuweza kumwambia kama mdogo wake yuko chini ya kifusi ama yuko barabarani.

Masalu alikuwa fundi matimba wa zamu na msaidizi wa meneja. Alishaanza kujifunga kamba kiunoni. Akasema, "Meneja, Enock yuko upande gani?"

Ndugu zangu, hapa ndipo palipomuumiza marehemu hadi siku ya mwisho. Hapo angeweza kusema, "Sijui kama yumo." Maneno matatu tu. Wangemtuma mtu na pikipiki njia panda, wangeuliza walinzi getini. Lakini watu wote wa zamu walikuwa wamesimama pale wakimtazama, na kusema hivyo kulikuwa ni kukiri mbele yao kwamba amevunja sheria aliyowafukuzia wengine. Hakusema. Alisema tu, "Twende wote."

Waliingia wawili. Walifika hatua kama thelathini, kifusi kikashuka mara ya pili. Mti wa dari ulianguka juu ya mguu wa kulia wa Masalu. Marehemu alikaa naye chini dakika arobaini, akikata mti ule kwa msumeno wa mkono huku changarawe zikiendelea kumwagika, na hakutoka mpaka alipotoka naye.

Mimi nilifika saa nne na nusu nikiwa juu ya bodaboda. Nilikuta watu wengi kuliko kawaida na nikashangaa hakuna anayenisalimu. Eunice alitazama ubao, akanitazama mimi, akatazama tena ubao. Masalu alikuwa amelazwa kwenye machela. Aligeuza kichwa akaniona.

"Ngosha," akaniambia, kama tunavyoitana wanaume wa kwetu, "ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Njiani."

Walimbeba.

Jioni ile, jua likizama, nilimfuata kaka chumbani kwake. Tulikuwa tumeshapata habari kwamba mguu utakatwa chini ya goti. Vilevile tulijua kwamba Eunice ameambiwa akabidhi funguo, kwa sababu ubao uko mikononi mwake. Nilimwambia kaka kwamba nitasema niliingia asubuhi, nikatoka kwenda kujisaidia, nikasahau kushusha kibati, kisha nikatoroka kwenda njia panda. Nitafukuzwa, basi. Mimi sina cheo cha kupoteza.

"Kwa hiyo Masalu amekatwa mguu kwa ajili ya choo," akasema. "Na Eunice aende nyumbani kwa ajili ya nini?"

Akaniambia nikalale.

Jumatano tarehe 13 Machi, saa mbili asubuhi, mkurugenzi Juliana aliwakusanya wote mbele ya ubao. Alimwita Eunice mbele na kumuuliza ilikuwaje jina la mtu aliyekuwa kwenye basi likatundikwa duarani. Eunice alisema hajui, hakukigusa, na machozi yakaanza kumtoka. Watu walikuwa wananitazama mimi. Marehemu akatoka kwenye mstari wa wasimamizi.

"Nimekitundika mimi," akasema.

Mkurugenzi akamwambia arudie.

"Nimekitundika mimi, kwa sababu ni mdogo wangu na angefukuzwa. Na jana, Masalu aliponiuliza Enock yuko upande gani, nilikuwa sijui hata kama yumo. Nilinyamaza. Mguu ule umekwenda kwa kunyamaza kwangu. Eunice hana kosa."

Hilo la pili hakuna mtu aliyekuwa akilijua, na pasingekuwa na mtu wa kuligundua. Kisha Masudi, mchimbaji wa zamu hiyo hiyo, akasema kutoka nyuma, taratibu, bila kupaza sauti, "Meneja, mwaka juzi ulinirudisha kwa dakika kumi. Mke wangu alikuwa amejifungua asubuhi ile. Mimi sikuwa mdogo wako?"

Watu walitarajia ajitetee. Akasema, "Wewe sikukuuliza hata ulikotoka. Nimekukosea, Masudi, na sina la kukuambia zaidi ya hilo."

Mkurugenzi alimwondoa umeneja pale pale. Alipomuuliza kama ana ombi, marehemu aliomba asifukuzwe na asihamishwe, bali awekwe mahali ambapo watu wale watamwona kila siku. Wengine walicheka wakasema anatafuta huruma. Mkurugenzi alifikiri, kisha akamweka kwenye ubao, chini ya Eunice. Meneja wa miaka minane akawa msaidizi wa karani, akimwamkia mkuu wake wa kazi aliyelingana kwa umri na binti yake Vumilia, "Mwangaluka, mama," kila asubuhi kabla ya kugawa kofia. Alifanya hivyo miaka mitatu na mwezi mmoja. Wapo waliompitia mbele wakimwambia, "Mzee, hebu nitundikie na mimi." Aliendelea kugawa kofia.

Masalu alirudi nyumbani kwake Kambarage akiwa na magongo. Marehemu alikwenda kumwona kila Jumapili aliyopata nafasi. Siku ya kwanza Masalu alimwangalia mlangoni akamuuliza, "Umekuja kuona kama mguu umeota?" Akamfungia mlango. Marehemu alirudi Jumapili nyingine, akakaa kwenye kibaraza, akarekebisha mlango wa jiko uliokuwa umelegea, akaondoka. Ilikuwa hivyo miezi kumi. Mke wa Masalu alikuwa akimpa maji, Masalu mwenyewe hakutoka.

Januari 2020 alitoka. Aliketi mbele ya marehemu akamwambia, "Sitaki pole yako, Baba Vumilia. Nimezichoka pole. Nataka ubao ambao hata wewe huwezi kuudanganya."

Wakaongea mpaka chakula cha mchana kikaletwa, wakala pamoja. Masalu alisema ubao ulikuwa mzuri, kilichoharibu ni kamba ya saa moja. Kwa kamba ile mimi nilidanganya kuhusu njia panda, na kwa kamba ile ile meneja alidanganya kuhusu kibati. Kila mmoja alikuwa anamkimbia anayemwogopa. Alitaka mtu asiguse kibati cha mwenzake kwa sababu yoyote ile. Kila mmoja atundike chake huku akitaja jina lake kwa sauti mbele ya wawili. Aliyechelewa asifukuzwe mlangoni, aseme ukweli wa alikokuwa, na zamu yenyewe ikubaliane ashuke au abaki juu afanye kazi ya karasha, mashine ya kusaga mawe. Atakayefukuzwa ni atakayedanganya, awe mchimbaji au meneja.

Walimwandikia mkurugenzi barua moja yenye sahihi mbili. Mkurugenzi naye alitaka kuikataa. Alisema migodi haiendeshwi kwa kukubaliana, na kamba ikiondolewa watu watafika saa nne. Leo yuko hapa, anaweza kushuhudia. Aliwapa miezi mitatu, na akamrudisha Masalu kazini kama msimamizi wa usalama ili kama ni kushindwa, washindwe wakiwa wote wawili.

Mwezi wa kwanza waliochelewa waliongezeka kweli. Wasimamizi wengine wakaanza kucheka. Lakini mwezi huo huo watu waliotoka duarani walitaja matimba manane yaliyokuwa yameanza kuoza. Katika miaka minane ya ukali wa marehemu, hakuna mchimbaji aliyewahi kumletea habari ya hata timba moja bovu, kwa kuwa aliyeleta habari hiyo alionekana anatafuta sababu ya kusimamisha kazi. Yote manane yalibadilishwa. Mwezi wa tatu waliochelewa walikuwa wachache kuliko enzi ya kamba, maana ni rahisi kumkimbia meneja, ni vigumu kusimama mbele ya wenzako kumi na watatu ukawaeleza kwamba umelala. Duara namba mbili likawa halisimami ovyo, na mwaka uliofuata lilitoa mawe mengi kuliko maduara mengine mawili.

Aprili 2022 mkurugenzi aliiuliza zamu nani awe meneja wao. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Masudi. Akasema, "Mrudisheni yule mzee wa ubao. Huyu tumeshamwona akikosea, mwingine itabidi tusubiri." Watu walicheka, na marehemu akacheka pia, kisha akaenda nyuma ya karasha akakaa peke yake kidogo.

Baada ya hapo mameneja na wakurugenzi wa migodi mingine walianza kuletwa kwake wajifunze. Hakuwa na maneno mengi. Aliwapa kila mmoja kipande cha bati na msumari, watoboe majina yao wenyewe, na wengi walijitoboa vidole. Kisha aliwaeleza habari ya mwaka 2019 yote, Masalu akiwa ameketi pale pale anasikia, na akiruka kitu Masalu alimkumbusha. Mwisho aliwauliza swali moja: ni jambo gani watu wako wanalijua na wewe hujaambiwa? Meneja mmoja alijibu kwamba kwake hakuna jambo kama hilo. Marehemu akamwambia, "Basi ndilo hilo la kwanza."

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2021. Madaktari walisema ni vumbi la mawe la miaka mingi, limekaa kwenye mapafu na halitoki. Hakuacha kazi, ingawa tulimwomba. Jumanne tarehe 25 Februari 2025 alizidiwa akiwa chini. Masudi alimbeba mgongoni mpaka juu, gari likamchukua moja kwa moja hospitalini. Alilazwa mara tatu, akarudishwa hapa nyumbani katikati ya Mei ili awe karibu na mama. Mkewe Anisia alimuuguza usiku na mchana, na hata marehemu alipokosa pumzi ya kumaliza sentensi alimuuliza mkewe kama amekula.

Siku moja alituita, mimi na Anisia. Akasema, "Kibati changu kimebaki ubaoni. Asije mtu akakishusha kwa huruma." Kweli kilikuwa bado kinaning'inia. Tangu Februari wachimbaji waliingia na kutoka wakikiona, na hakuna aliyekigusa, kwa sababu sheria yao inakataza. Kwa mujibu wa barua ile ya sahihi mbili, kibati cha mtu asiyeweza kurudi hushushwa mbele ya zamu nzima, na ndugu yake pamoja na msimamizi wa usalama, baada ya ndugu kuulizwa swali. Siku hiyo ndipo alipoagiza pia habari hii isomwe. Alisema hataki kuzikwa na jina alilotundikiwa na watu.

Alifariki Jumamosi tarehe 7 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Anisia.

Jana Jumatatu, saa moja asubuhi, nilisimama mbele ya ubao Kwa Kamili. Zamu yote ilikuwepo, na mkurugenzi, na Eunice akiwa na daftari lake. Masalu alikuja kwa magongo yake akasimama mbele yangu. Huyu ndiye aliyeniuliza miaka sita iliyopita nilikuwa wapi. Sikuweza kumtazama usoni.

Akaniuliza swali la sheria. "Enock, una hakika hayumo?"

Nikasema ndiyo.

"Umeambiwa, au umemwona?"

"Nimemwona," nikasema. "Nimemuosha kwa mikono yangu."

Kisha akaweka gongo moja chini, akanishika bega ili asianguke, tukanyoosha mikono pamoja. Akataja jina lote kwa sauti, Edson Ngassa Luhende, akasema, "Ametoka." Eunice akaandika. Masalu hakunikabidhi kibati. Alikitia katika mfuko wa shati lake, na anacho hapo alipokaa. Ameomba yeye ndiye akiweke kaburini, na familia imekubali.

Marehemu ameacha mama yake mzazi Zipora, mjane wake Anisia, watoto watatu ambao ni Vumilia, Nestory na Elieth, wajukuu watano, na sisi wadogo zake wanne. Ameacha pia zamu ya watu kumi na watatu waliolala safarini kuja hapa. Wabeja sana, asanteni.

Kaka yetu ametoka, na ubao unasema kweli. Mungu ampokee kwa jina lake mwenyewe, ampe pumziko.